Mume wangu asema si sigara, na watu mia tatu mtandaoni wamemuunga mkono

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa miaka 28, naishi Kisauni, Mombasa. Nina miaka minne kwenye ndoa na tuna mtoto mmoja wa kike, miezi tisa, ndiyo kwanza anatambaa. Mume wangu anafanya kazi Dubai na sasa yuko nyumbani kwa likizo.

Tangu nimjue ni mvutaji. Pakiti kwa siku, na siku nyingine zaidi. Nilipopata mimba tulikubaliana kwamba sigara haiingii ndani, na kwa haki ya Mungu alishika ahadi. Alikuwa akitoka mpaka nje ya geti, hata mvua ikinyesha, anasimama chini ya mwembe wa jirani.

Safari hii amerudi na kidude kama kalamu nene. Kina vijiti vyake, mfano wa sigara iliyokatwa nusu. Unachomeka kijiti, unabonyeza, kinatetemeka, unangoja kidogo, kisha unavuta. Hakuna kiberiti wala jivu. Asema ameacha sigara, hii ni tumbaku ya kupashwa moto tu, na kile kinachotoka ni mvuke. Basi sasa anavuta kitandani, anavuta ukumbini, anavuta huku amempakata mtoto.

Nilipomwambia tumbaku ni tumbaku, alicheka. Siku ya pili akarekodi klipu jikoni kwangu na kuiweka TikTok. Ameshika kola ya shati lake jeupe, ananusa, anasema: "Hakuna harufu, hakuna jivu, mke amefurahi." Mke ni mimi, na sikuulizwa.

Shangazi, watu zaidi ya mia tatu waliandika chini ya klipu ile. Mmoja yuko Doha, asema mwaka wa pili hajagusa sigara. Mwingine asema kidude hiki kimeokoa ndoa yake. Wengi waliuliza kinapatikana wapi Nairobi na bei gani. Wachache walimtukana kwamba anatangaza sumu, na mmoja akaapa kwamba hizi ni mbaya mara kumi kuliko sigara. Mimi niliandika kwa heshima, mstari mmoja tu, kwamba mtoto wake yuko chumba hichohicho. Nikavamiwa. Eti nina gubu, eti mwanamume ameacha sigara kwa ajili yangu na mimi namwaibisha mbele za watu. Mume wangu aliona na hakusema neno. Usiku huohuo mavyaa akanipigia simu: "Mwanangu, si afadhali hiki kisichonuka?"

Ningenyamaza, lakini yametokea mawili. Shemeji yangu wa miaka 16 anaishi nasi kwa ajili ya shule. Nilimkuta nyuma ya tangi la maji na kidude cha kaka yake mkononi. Aliniambia, "Shemeji, si ni mvuke tu?" Kisha Jumatatu asubuhi nilitoka kuanika nguo. Niliporudi mtoto alikuwa kwenye mkeka na kijiti kilichotumika kinywani. Karatasi imelowa na kuchanika, tumbaku ya kahawia imemganda kwenye ufizi. Nilimsafisha kwa kidole na pembe ya leso. Alitapika mara moja, kisha akalala. Baba yake sijamwambia mpaka leo, naogopa ataona natafuta sababu.

Sitaki arudie sigara, na ndoa yangu naipenda. Kati ya watu wote hao mia tatu, nimwamini nani? Au kweli mimi ndiye mwenye gubu?

Mama wa Miezi Tisa, Kisauni

* * *

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimekwama kwenye mkeka. Basi tuanzie hapo, kabla ya mume na kabla ya mtandao.

Kijiti kile hata kikishavutwa bado kina nikotini, na mtoto wa umri ule hahitaji nyingi ili imdhuru. Kule kutapika kulikuwa dalili, na ilifaa umpeleke hospitali asubuhi ileile badala ya kumtazama amelala. Sikulaumu, ulikuwa peke yako na umeshtuka. Lakini likitokea tena, usimtapishe na usingoje: mbebe, chukua na kijiti chenyewe au pakiti yake, uende. Mwambie daktari ni tumbaku. Na mtazame mumeo anachomeka kijiti cha aina gani, kwa sababu katika baadhi ya vifaa vya karibuni kijiti kina kipande chembamba cha chuma ndani yake, ndicho kinachopata moto. Kipande hicho kina makali, na watengenezaji wenyewe wanaonya kwamba vijiti hivyo visiachwe mahali mtoto anapofika. Baba yake na aambiwe leo. Hilo la Jumatatu si sababu unayotafuta, limetokea, na mtoto ni wake pia.

Sasa hao watu mia tatu.

Rudi uyasome maoni yao polepole, kama unavyochambua mchele. Utaona wengi wao hawazungumzii mapafu wala moyo. Wanazungumzia harufu. Shati halinuki, gari halinuki, mke hageuzi uso. Mtu anayesema kidude kimeokoa ndoa yake pengine asema kweli tupu, lakini aliulizwa na nafsi yake swali la harufu akajibu la harufu, na wewe umelisoma kana kwamba ni jibu la afya. Hawa si waongo. Hata yule wa Doha, sina sababu ya kumkadhibisha.

Na si kwetu tu. Japani ndiko vifaa hivi vilikoshika kuliko popote. IQOS, kifaa cha aina hii cha kampuni ya tumbaku ya Philip Morris International, iliingia sokoni 2014 katika miji miwili, Nagoya ya Japani na Milan ya Italia, na miaka michache baadaye Wajapani walikuwa wanaipigia foleni. Kule vepu, yaani sigara za kielektroniki za majimaji, zenye nikotini haziuzwi kama bidhaa ya kawaida, kwa hiyo nafasi ilikuwa wazi. Lakini jambo jingine lililosukuma ni adabu: kumwudhi jirani kwa moshi ni aibu kubwa, na hiki hakiudhi. Nitakuwa mkweli kwako, mauzo ya sigara za kawaida Japani yalishuka kwa zaidi ya theluthi moja kati ya 2015 na 2019, na vifaa hivi vilichangia. Lakini pia wengi walionunua kifaa hawakuacha sigara. Cha mvuke nyumbani na ofisini, sigara barazani na marafiki. Hawa wanavuta viwili, na huyo wa viwili haonekani kwenye klipu ya shati jeupe.

Nawe ulipokuwa mja mzito, ni nini kilichomtoa mumeo mpaka chini ya mwembe? Harufu, na ahadi. Harufu ilikuwa bawabu wa nyumba yako, mwanangu. Sasa bawabu ameondoka na mlango umebaki wazi, ndiyo maana tumbaku iliyokuwa nje ya geti leo iko juu ya kitanda.

Kisha jua kwamba si kila anayesifu amesifu bure. Mwaka 2019 shirika la habari la Reuters lilichunguza jinsi IQOS inavyotangazwa mitandaoni, likakuta kampuni inatumia vijana maarufu wa Instagram, akiwemo msichana wa miaka 21 nchini Urusi, ilhali kanuni zake yenyewe zilikataza kutumia mtu aliye chini ya miaka 25 au anayeonekana hivyo. Kampuni ikasimamisha kampeni yake ya mitandaoni dunia nzima. Desemba ya mwaka huohuo Instagram nayo ikatangaza kwamba watu wenye wafuasi hawataruhusiwa tena kulipwa ili kutangaza tumbaku na vepu. Sisemi mumeo amelipwa, hapana. Nasema maneno aliyoyasema jikoni kwako, lile la hakuna harufu na hakuna jivu, si yake. Ameyasikia mahali, yakamkaa, akayarudia kwa moyo safi. Tangazo zuri hufanya hivyo hasa, humfanya mteja alibebe mwenyewe bila malipo.

Na yule aliyeapa kwamba ni mbaya mara kumi? Huyo naye usimshike. Amekosea, na kosa lake linakudhuru wewe, kwa sababu mumeo akikukamata kwenye uongo mmoja ataitupa na kweli yako yote. Ukweli wenyewe ni huu. Sigara ikivutwa, ncha yake hupita nyuzi 800 za joto, tumbaku inaungua, na kuungua huko ndiko kunakotoa lami, gesi ya sumu iitwayo monoksidi ya kaboni na mamia ya kemikali mbaya. Kifaa kama cha mumeo hupasha tumbaku mpaka karibu nyuzi 350, haiwaki. Kwa hiyo sumu nyingi hupungua, na nyingine hupungua sana. Hilo limepimwa. Lakini kupungua si kwisha. Katika kile anachokiita mvuke watafiti bado wamekuta kemikali za sumu kama formaldehaidi, akrolini na nyinginezo, na nikotini ni ya kutosha kumfunga mtu vilevile kama sigara ilivyomfunga. Hewa ya chumba nayo hubaki na nikotini na chembe ndogondogo, kidogo kuliko za sigara lakini si sifuri, na anayezivuta kwako ni mtoto wa miezi tisa.

Mumeo atakwambia Marekani imeikubali IQOS. Mjibu kwa utulivu. Julai 2020 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliiruhusu kampuni kuwaambia wateja kwamba mvutaji akihama kabisa kutoka sigara atapunguza kukutana na kemikali hatari. Kampuni ilikuwa imeomba pia ruhusa ya kusema kwamba kifaa kinapunguza hatari ya magonjwa. Hilo ilinyimwa. Shika neno "kabisa". Na Januari 2022 wataalamu wa Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya tafiti na kuzipepeta, walipitia tafiti 13. Walikuta wanaohama wanapokea sumu chache kuliko wanaoendelea na sigara, lakini nyingi kuliko walioacha yote. Hawakupata hata utafiti mmoja uliopima kama kifaa hiki kinamsaidia mtu kuacha sigara. Majaribio ya kitabibu waliyoyakuta yote yalilipiwa na kampuni za tumbaku. Basi yule wa Doha ameacha, Alhamdulillahi, lakini yeye ni mtu mmoja.

Ngoja nikwambie langu, maana ndilo linaloniamsha usiku tangu barua yako ifike.

Mwaka 1986 rafiki wa marehemu mume wangu, mfanyakazi wa melini, alimletea katoni ya sigara laiti, zile zilizosemwa kuwa nyepesi. Pakiti nyeupe, maandishi ya buluu, safi kama ya dawa. Mume wangu alikuwa na kikohozi cha alfajiri kilichokuwa kikinitoa machozi, nami nilikuwa nimemchosha kwa maneno. Alipoanza laiti nilifurahi, nikawaambia hadi wifi zangu. Karibu na kichungi zilikuwa na duara la vitundu vidogo, ukizitazama juani utaviona. Hewa inapita pale, kwa hiyo mashine ya kupimia inaandika lami kidogo. Lakini mashine haina vidole. Mume wangu alishika sigara palepale kwenye vitundu, akaviziba, akavuta kwa nguvu zaidi kwa sababu hakuwa anashiba, na pakiti moja ikawa moja na nusu. Mimi nilikuwa nikiviona vidole vile kila siku. Sikujua ninachokiona.

Alifariki 1999, mapafu. Mwaka 2006 jaji Gladys Kessler wa mahakama ya Washington akahukumu kwamba kampuni kubwa za tumbaku za Marekani zilidanganya umma kwa miongo mingi, likiwemo hilo la laiti. Mwaka 2010 maneno ya aina hiyo yakapigwa marufuku kule kwenye pakiti. Nilisikia habari redioni nikiwa nachambua mchicha.

Kifaa cha mumeo si sawa na laiti ile, nimeshakueleza kwamba hiki sumu zake zimepimwa zikapungua kweli. Kinachonitisha ni lile neno. "Laiti" haikumbadilisha sana mume wangu, ilinibadilisha mimi. Ilinifunga mdomo miaka kumi na mitatu. Sikumwuliza tena, sikumsindikiza kwa daktari, sikuhesabu pakiti. Nilidhani tumeshamaliza. Wewe bado hujanyamaza, na watu wasiokujua, wasiomlea mtoto wako, wanakuita mwenye gubu ili unyamaze. Usinyamaze, mwanangu. Lakini uongee mahali pake, na pale chini ya klipu hapakuwa mahali pake. Kwa hilo nakubaliana kidogo na mumeo. Mtu akisemwa mbele ya mia tatu hawezi kukubali hata akitaka.

Mtafute usiku, mtoto akishalala, simu zote mbili ziwe chumba kingine. Anza kwa mwembe. Mwambie unakumbuka alivyosimama kwenye mvua miezi yote ile, na kwamba hukuwahi kumshukuru ipasavyo. Mshukuru kweli, anastahili. Kisha mwambie ya Jumatatu yote, karatasi iliyochanika na leso uliyomfutia. Usiongeze chumvi, haihitaji.

Halafu umwulize swali moja, na ungoje jibu: "Sigara ya mwisho umevuta lini?" Kama ameacha kabisa, amepiga hatua, na hatua inayofuata ni kutoka kwenye kifaa. Kama Dubai bado anavuta moja moja na wenzake, basi yumo kwenye lile kundi la viwili, na faida aliyoahidiwa haipati. Akikwambia kweli usimpigie kelele. Ukimpigia kelele, hiyo itakuwa kweli ya mwisho kukwambia.

Ahadi ya zamani irudi kama ilivyokuwa: tumbaku ya aina yoyote haiingii ndani, na kifaa na vijiti vinakaa juu, kwenye kabati lenye kufuli. Hili usilijadili kama ombi. Mliafikiana, na tumbaku haijabadilika jina kwa kubadilisha moto. Hata nchi wanachama wa mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, Kenya ikiwemo, zilikubaliana Geneva Oktoba 2018 kwamba bidhaa hizi ni tumbaku na zishughulikiwe hivyo.

Akitaka kuacha yote, msaada upo. Ubani wa kutafuna na plasta za kubandika ngozini, zenye nikotini, hupatikana kwenye famasi kubwa, na kuna vidonge ambavyo daktari anaweza kumwandikia. Shirika la Afya Duniani liliviweka vyote hivyo kwenye mwongozo wake wa 2024 wa kuacha tumbaku. Namba ya bure ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192, unaweza hata kupiga wewe kwanza uulize. Likizo ni wakati mzuri, yuko mbali na wenzake wa kuvuta nao.

Mavyaa usigombane naye. Aliposema "afadhali hiki kisichonuka" alisema kama mama aliyemwona mwanawe akikohoa, nami nilisema maneno hayohayo mwaka 1986. Mpelekee mjukuu, mkae, umweleze ya mkeka kwa upole. Nadhani atakuwa upande wako kabla chai haijapoa.

Nimebakiza shemeji yako, naye kwangu ni mzito kuliko klipu nzima. Kaka yake alikuwa mvutaji wa sigara, kwa hiyo kifaa kinaweza kuwa nafuu kwake. Kijana wa miaka 16 asiyevuta chochote hapati nafuu yoyote, anaanza. Kwake hii ni nikotini ya kwanza, na ubongo wa umri ule hunasa upesi. Sheria ya tumbaku ya Kenya ya 2007 inakataza kumuuzia mtoto aliye chini ya miaka 18, na inakataza pia kuitangaza tumbaku, kwa hiyo ile klipu yenyewe si jambo dogo kama mumeo anavyodhani. Kijana huyo usimfokee. Alikuuliza swali la haki nyuma ya tangi, "si ni mvuke tu?", kwa sababu kaka anayempenda alimwambia hivyo mbele ya dunia.

Jibu lake litoke kwa kaka yake. Mwombe mumeo amwite mdogo wake, wakae wawili tu, amhesabie mara ngapi amejaribu kuacha na mara ngapi ameshindwa, na kila mwezi kiasi gani cha mshahara wa Dubai kinakwenda kwenye vijiti. Kisha aifungue simu na kuifuta klipu hiyo yeye mwenyewe, kijana akitazama.

Shangazi